Uzi maalumu: Namna ya kufundisha watu kuandika, na namna ya kukilea kikundi cha waandishi kisife baada ya wiki tatu

Peni Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Mods naomba huu uzi msiupeleke kule jukwaa la lugha maana kule watu wanabishana ngeli tu, hapa nataka tuongelee kuandika kwenyewe.

Mimi ni ticha wa Kiswahili sekondari huku Tanga, na Jumamosi alasiri tunakutana watu wachache kwenye darasa moja tunaloazimwa na shule ya msingi ya jirani, tunaandika na kusomeana. Tupo mchanganyiko, madogo wa form two, dereva boda, mzee mmoja mstaafu wa reli, fundi cherehani. Kuna mtu kaniuliza inbox inakuwaje kikundi hakijafa nikaona badala ya kumjibu peke yake bora nishushe uzi, mwenye la kuongeza aongeze, mwenye kupinga apinge.

Tuanze na mashuleni maana ndo tatizo linapozaliwa. Mtoto tunamfundisha insha kwa kukariri. Utakuta daftari la mwanafunzi lina ukurasa mzima wa "Ilikuwa siku ya Jumapili tulivu ambapo jua lilikuwa linaangaza miale yake", anaibeba hiyo anaitumia kwenye msiba, kwenye harusi, kwenye ajali ya basi, popote pale. Ukisahihisha darasa la watu sabini unaiona mara sabini. Halafu sisi walimu tunachofanya ni kupita na peni nyekundu, hapa umekosea "hasa" umeandika "haswa", hapa nukta, hapa herufi kubwa, mwisho 11/20 na neno "jitahidi". Sasa ajitahidi kufanya nini? Dogo hajaambiwa hata kama kuna mtu amekisoma alichokisema.

Nitoe mfano mmoja. Kuna binti alileta insha kuhusu mama yake, mama muuza samaki, na imeanza vilevile na miale yake. Sikugusa sarufi, nikamuuliza tu "mama akirudi sokoni kitu cha kwanza anafanya nini?" Akasema anahesabu hela. Anahesabuje? Basi akaenda akaandika upya, nimeomba ruhusa yake nikaiweka hapa:

"Mama hahesabu hela mezani. Anakaa chini anatandika kanga, noti za elfu mbili zote anazirudisha kwa mwenye mtumbwi, za elfu anazikunja anaweka kwenye kikombe cha bati. Zikibaki sarafu ananiita mimi. Nikiitwa najua kesho kuna daftari. Nisipoitwa nalala."

Mkuu huyo ni mtoto wa form two, mwezi uliopita alikuwa wa miale ya jua. Sijamfundisha chochote cha ajabu hapo, nimeuliza swali na nikanyamaza nikasubiri jibu.

Kwenye kikundi tunaendaje. Tukifika tunaandika kwanza, dakika kumi, peni isinyanyuke hata kama unaandika "sijui niandike nini". Na mimi naandika, hili sibishani na mtu. Mwalimu anayefundisha uandishi na yeye haandiki ni kama kocha wa kuogelea asiyeloa. Wamarekani hili waliliona mapema, mwaka 1974 pale Berkeley, California, jamaa anaitwa James Gray alikusanya walimu wa shule kipindi cha likizo ya kiangazi, wakakaa wakaandika wenyewe na kufundishana mbinu zao, ndo ikaja kuzaa mtandao wa nchi nzima unaoitwa National Writing Project. Yaani hawakuleta profesa aje awahubirie walimu namna ya kufundisha, waliwapa walimu daftari.

Baada ya hapo anasoma mmoja, kwa sauti, kazi yake mwenyewe. Akimaliza haruhusiwi kujieleza wala kujitetea. Wasikilizaji raundi ya kwanza wanasema walichokisikia tu, "mimi nimebaki na kile kikombe cha bati". Raundi ya pili wanasema walipopotea, "pale kwa shangazi sikujua tena anaongea nani". Sarufi na tahajia mwisho kabisa, tena kwa kuandika pembeni ya kopi, sio kwa mdomo mbele za watu. Na neno moja tumelipiga marufuku: "nzuri sana". Ukisema nzuri sana unaulizwa wapi, ukishindwa kuonyesha faini yako ni kununua karanga za watu wote.

Kwa darasani ambako una watu sabini huwezi kuwasikiliza wote, mimi nawagawa kwa madawati, watu wannewanne, kila mtu asome kwa wenzake halafu natembea. Na kusahihisha nachagua kosa la aina moja tu kwa wiki. Wiki hii alama za kunukuu, basi mengine yote nayaacha yalivyo hata kama yananiuma.

Karibuni.

Chuma Ulete 2

Siti ya mbele hapa, lakini mkuu nikuulize kitu. Kuandika si kipaji? Mtu kazaliwa nacho au hana. Mimi huwa nafuatilia hizi simulizi za mitandaoni, kuna wajomba wanashusha sehemu ya 1 mpaka sehemu ya 80, mashabiki tunalia arosto tunaomba muendelezo, na hao hawajakaa kwenye kikundi chochote wala ticha hawana. Tena wanauza, unalipia kwa simu unatumiwa vipande. Sasa hicho kikundi cha karanga kina faida gani?

Peni Nyekundu

Chuma, hao wajomba kikundi wanacho, ni nyie wenyewe. Tatizo ni kwamba kikundi chenyewe kinajua kusema kitu kimoja tu, leta mwendelezo. Hakuna anayemwambia kwamba mke wa jambazi sehemu ya 3 aliitwa Zuhura na sehemu ya 19 anaitwa Zuwena, na kuna yule askari alikufa akaja kuendesha gari. Mimi nazisoma pia na kuna watu mle wana mkono haswa, taharuki wanaijua kuliko waandishi wengi wenye vitabu madukani. Wakipata wasomaji wanne wa kuwaambia ukweli wataruka mbali.

Mwalimu Bungoma

Hamjambo nyote, mimi nafundisha Kiswahili huku Kenya na huo ugonjwa wa miale ya jua kwetu umekomaa zaidi. Mwanafunzi wangu haamki, "anarauka". Hakimbii, ni "guu niponye". Mvua hainyeshi bila mbingu kufungua milango yake. Na wana sababu, karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ile 102/1 ina insha mbili, alama 40, muda ni saa moja na dakika arubaini na tano, na mtoto ameambiwa tangu darasa la nne kwamba mtahini hupenda lugha iliyopambwa. Kwa hivyo anameza misemo anaenda kuitapika. Nikimwambia aandike juu ya nyanya yake anavyosonga ugali ananiuliza, mwalimu, methali niweke wapi?

Swali langu kwa mwenye uzi: wewe ukiwaondolea hayo mapambo, mtihani wanapitaje? Wazazi hawataki kusikia habari ya kikombe cha bati, wanataka A.

Peni Nyekundu

Mwalimu hilo swali lina uzito. Mimi siwaondolei misemo, nawaambia msemo ulipiwe ushuru. Ukitaka kuweka methali niambie nani kaisema kwenye hadithi, kwa nini kaisema, na yule aliyeambiwa kajibuje. Ukishindwa kulipa itoe. Wanabaki na methali moja au mbili zinazofanya kazi, na msahihishaji aliyesoma insha za miale tangu asubuhi akikutana na hiyo anaamka kwenye kiti. Mtihani huku kwetu nao una mambo yake lakini sijaona mtoto aliyeshushwa alama kwa kuandika kitu kinachoonekana.

Malenga wa Pongwe

Asalaam aleikum vijana. Nimeusoma wote na nimefurahi ila naona mnaongea kana kwamba vikundi vya waandishi ni kitu kilicholetwa juzi. Sisi Waswahili tulikuwa tunalo hili toka zamani. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na humo washairi walikuwa wanajibizana, mtu wa Tanga anatunga fumbo, mtu wa sehemu nyingine kabisa anamjibu, wa tatu anaingia kuwaamua, na hawajawahi kuonana hata siku moja. Kabla ya magazeti Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na watu wa Lamu mpaka leo tunazisoma. Ukijibiwa kwa shairi maana yake mtu amekusoma neno kwa neno, amehesabu mizani zako, ameshika hoja yako, ndipo akatafuta vina vya kukujibu. Hakuna sifa inayoshinda hiyo.

Na kufundishwa kulikuwepo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kile kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, vina, mizani, kituo, shairi kujitosheleza, kila kitu kaweka wazi ili anayetaka ajifunze. Kama kutunga ni kipaji tu kisichofundishika, sheikh alikuwa anamwandikia nani? Huyu kijana Chuma nimemtungia ubeti, nami naanzia hapahapa:

Ndugu nakujibu wewe, kipaji si cha tumboni,
Hata malenga mwenyewe, alianzia chuoni,
Akikosa aambiwe, na wenziwe barazani,
Tusitupiane mawe, tukisoma kikundini.

Chuma Ulete 2

Shikamoo mzee 😂 nimepigwa na kitu kizito. Vina siwezi, nakujibu kwa nathari: nakubali nusu.

Malenga wa Pongwe

Marahaba. Hiyo nusu nyingine nitakuja kuichukua.

Kalamu Ya Kukopa

Mimi nimeshakuwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya waandishi manne na yote yamekufa, na sababu zinafanana. Mwanzo moto, kila mtu anatupia shairi lake asubuhi kabla hata hajasoma la mwenzake. Linalofuata ni "hongera mkuu 🔥🔥", "unajua sana", basi. Wiki ya pili kuna mtu anaanza kutuma picha za asubuhi njema zenye maua, wiki ya tatu kuna anayeuza virutubisho, wiki ya nne admini anapigana na mtu mambo ya mpira. Na kingine, wengi hawatumi kazi zao za kweli wanaogopa kuibiwa. Kuna grupu moja mtu alituma hadithi akaja kuikuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine jina limebadilishwa, toka siku hiyo kila mtu akafunga mkono.

Peni Nyekundu

La kuibiwa lipo, tusilidharau. Ila watu wajue kwamba kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 kazi ni yako toka umeiandika, haihitaji kusajiliwa kwanza ndo iwe yako. Kinachokusaidia ni ushahidi, kwa hiyo tunza rasimu zenye tarehe, jitumie kwenye barua pepe yako, na daftari la kwanza lenye mikato usilitupe. Ndo maana na mimi napenda watu wakutane ana kwa ana, kopi zinagawiwa zinasomwa zinarudishwa kwa mwenyewe, hamna cha kufowadi.

Grupu la WhatsApp tunalo pia, ila la matangazo tu, saa ngapi na nani anasoma. Kazi hazitumwi humo. Na kabla hujapata zamu ya kusoma kazi yako lazima uwe umesikiliza za watu wawili na ukatoa maoni yanayoonyesha kwamba ulikuwepo. Wale wanaokuja kusifiwa wanachoka wenyewe wanaondoka, hatumfukuzi mtu.

Mwalimu Bungoma

Hapo pa kusikiliza kwanza nimekuelewa. Mzee wa Pongwe ametaja magazeti, nami niongeze la Limuru. Mwaka 1977 pale Kamĩrĩĩthũ, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoandika ule mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu, mazoezi yalifanywa hadharani na wanakijiji wakawa wanawarekebisha. Wafanyakazi wa kiwandani wanasema sivyo mambo yanavyokwenda kule, wazee wanasema mtu wa umri huo haongei hivyo. Msomi mzima wa chuo kikuu anakaa anafundishwa lugha yake na mkulima. Serikali iliupiga mchezo marufuku baada ya wiki chache na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka uleule, kwa hiyo msidhani kikundi cha kuandika ni mambo ya karanga tu.

Bint Chumbageni

Mbona hamjaongelea wanawake? Kikundi cha kwanza nilichoenda nilikuwa mwanamke peke yangu, kila nikisoma kitu cha mapenzi wanauliza ni kweli imetokea? Wanaume wakisoma habari za mauaji hakuna anayewauliza wameua wangapi. Niliacha. Uganda wenzetu walianzisha FEMRITE miaka ya tisini, chama cha waandishi wanawake, wana mikutano ya kila Jumatatu ya kusomeana, wanachapa vitabu wenyewe, na mpaka leo wapo. Mleta uzi kwenu huko mnafanyaje na hili?

Peni Nyekundu

Dada umesema kweli na kwetu lilitokea, fundi cherehani ndo alilifunga, alisema tuwe tunasema "msimulizi" hata kama hadithi ina "mimi" kila mstari. Kwa hiyo hatusemi "ulipoachwa na mume", tunasema "msimulizi alipoachwa". Limekuwa zoea. Na anayeuliza kama ni kweli, karanga. Lakini sikatai, kikundi cha wanawake peke yao kina kazi yake na kama mnataka kuanzisha huko Chumbageni chumba tutatafuta.

Nesi wa Usiku

Habari zenu, mimi ni msomaji wa kimya kimya. Nimekuwa naandika vitu vyangu kwenye simu nikiwa zamu ila sijawahi kumuonyesha mtu. Naomba na mimi nifanyiwe hizo raundi, hapahapa, kabla sijaghairi:

"Kazi ya unesi ni wito. Tangu utotoni nilipenda kuwasaidia wagonjwa na kila siku namshukuru Mungu kwa kazi hii. Usiku mmoja nilikuwa zamu na mwenzangu mmoja tu wodini. Saa nane mama wa kitanda cha dirishani aliniuliza kama mumewe amepiga simu, nikamjibu bado. Simu yake ilikuwa mfukoni mwangu, aliniachia nimchajie, na ilikuwa imeita mara nne. Aliyekuwa anapiga hakuwa mumewe."

Chuma Ulete 2

WEEE! Nani alikuwa anapiga?? Arosto hii dada usitufanyie hivyo.

Peni Nyekundu

Chuma umeshatoa maoni bila kujua, umetuonyesha wapi umeshikwa. Nesi, mimi raundi ya kwanza: nimebaki na simu ya mtu mwingine mfukoni mwa sare yako. Raundi ya pili: sentensi mbili za mwanzo nilikuwa nje ya wodi bado, nimeingia kwenye "zamu".

Malenga wa Pongwe

Mimi binti yangu nimesikia "kitanda cha dirishani", kwa sababu anayelala dirishani anaangalia nje anasubiri mtu. Hiyo ya wito ni ya hotuba ya mgeni rasmi. Lakini ile ya kumshukuru Mungu msiitoe haraka, huenda inatakiwa mwishoni, baada ya simu, hapo itakuwa na maana nyingine kabisa.

Mwalimu Bungoma

Sikubaliani na mzee, kwa heshima zote. Ukiirudisha mwishoni utakuwa unatueleza tuhisi nini. Mimi nimesikia "mwenzangu mmoja tu", najiuliza huyo mwenzako alikuwa wapi simu ikiita mara nne. Kama hana kazi kwenye hadithi mtoe, kama anayo tumuone.

Bint Chumbageni

Mimi nimepotea kidogo kwenye "nikamjibu bado". Msimulizi anadanganya au anasema kweli? Mume kweli hajapiga, kwa hiyo ni kweli, lakini nimehisi anaficha. Napenda kuhisi hivyo, sijui kama ulikusudia.

Nesi wa Usiku

Jamani. Sijawahi kusomwa hivi, mikono inatetemeka. Bint umenisoma, nilikusudia. Sentensi mbili za mwanzo natoa zote, mzee wangu nisamehe na ya Mungu naitoa. Mwenzangu anabaki, alikuwa amelala na kuna sababu, nitaiandika. Chuma, aliyekuwa anapiga simwambii mtu mpaka nimalize.

Chuma Ulete 2

Mnaona sasa, na hii ndo inaitwa community? Mmetengeneza mtesaji mwingine wa arosto. Mleta uzi Jumamosi mnaanza saa ngapi, na karanga za faini ni za bei gani nijipange.

Peni Nyekundu

Saa tisa alasiri, baada ya swala na baada ya mechi za mchangani maana uwanja upo nyuma ya darasa hamtasikilizana. Njoo na daftari na kopi tano za unachotaka kusoma, upande mmoja wa karatasi ili watu waandike mgongoni. Nesi kama unatoka zamu asubuhi lala kwanza, tutakuwekea nafasi ya mwisho. Chuma wewe siku ya kwanza husomi, unasikiliza watu wawili, na "leta mwendelezo" haihesabiki kama maoni.